Uliza Wauguzi: Pointi za udahili, hesabu za dripu na safari ya kuifuata leseni

Barua za safari hii zimezidi nafasi tuliyonayo, na nyingi zinauliza jambo moja: namna ya kusomea shahada ya uuguzi hapa Dar es Salaam mpaka mtu awe muuguzi aliyesajiliwa. Zinazofanana tumeziunganisha. Hesabu za dawa tumezipa nafasi kubwa makusudi, maana huko ndiko wanafunzi wengi wenye akili zao nzuri wanakokwama.

Habari zenu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kemia amepata C, Baiolojia D, Fizikia E. Yeye anataka shahada, baba yake anasema aanze diploma apate kazi mapema. Nani yuko sahihi? – Mama wa Tabata

Mama, tuanze na pointi. Kwa hesabu za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Binti ana pointi 6. Hizo zinamruhusu kuomba, ila hazimhakikishii nafasi. Waombaji wakiwa wengi chuo huchukua wenye pointi za juu kwanza, na Muhimbili ndiko kila mtu anakokimbilia. Akiomba Muhimbili peke yake atakuwa amecheza kamari. Aongeze Chuo Kikuu cha Kairuki pale Mikocheni, na kama familia iko tayari asome mkoani, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, cha Bugando Mwanza na cha KCMC Moshi. Asome sharti la kila chuo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, si wa kaka yake wa miaka mitatu iliyopita, kwa sababu masharti hubadilika.

Baba naye hajakosea kabisa. Diploma ni miaka 3, chini ya mfumo wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), na mhitimu anaajiriwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka 1 wa utarajali (kazi ya mazoezi hospitalini chini ya usimamizi), ndipo mtu anaitwa Afisa Muuguzi. Tofauti ni miaka miwili. Lakini atakayetaka shahada baadaye ataanza tena kutafuta udahili, ada na ruhusa ya mwajiri, pengine akiwa na watoto. Maoni yetu: pointi zikiruhusu na fedha zikipatikana, aende shahada moja kwa moja. Akikosa mkopo na akapata nafasi kwenye chuo ambacho ada yake hamuiwezi, diploma si aibu hata kidogo. Wauguzi wengi mnaowakuta kwenye vituo vya afya mjini walipitia huko.

Onyo moja la haraka: akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, ni lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Kila msimu wapo wanaokaa na nafasi mbili mkononi wakijadiliana na wajomba mpaka dirisha linafungwa, na wanabaki bila hata moja.

Bumu linapatikanaje kwa mtu wa uuguzi? – Kijana wa Gongo la Mboto

Unaomba mwenyewe kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), wala usisubiri majina ya udahili yatoke. Maombi mengi hukwama kwenye viambatisho. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vilevile. Uhakiki huo uombe mapema, kwa sababu wiki ya mwisho kila mtu anauomba. Fomu inasainiwa na serikali ya mtaa na mwanasheria. Ukisahau ukurasa mmoja wenye saini, fomu inahesabika haijakamilika. Ujue pia kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza. Anatomia naiweza, fiziolojia naiweza, lakini hesabu za dozi na matone zimenipa supu (mtihani wa marudio). Naogopa nitadisko (kuondolewa chuoni). Nifanyeje? – Mwanafunzi, Upanga

Marahaba. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi: kuzidisha na kugawanya. Watu wanaangushwa na vipimo. Mmoja anachanganya gramu na miligramu, mwingine dozi ya siku nzima na dozi ya mara moja, mwingine anasoma namba iliyo kwenye chupa bila kusoma "katika ml ngapi".

Kanuni ni hii: dozi inayotakiwa, gawa kwa dozi iliyomo kwenye dawa, zidisha kwa ujazo uliobeba dozi hiyo. Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli ya maji, mg 15 kwa kila kilo. 15 × 12 = mg 180. Chupa imeandikwa mg 120 katika ml 5. 180 ÷ 120 = 1.5, kisha 1.5 × 5 = ml 7.5. Sasa angalia mtego ulipo. Ipo chupa nyingine ya dawa hiyohiyo yenye mg 250 katika ml 5. Aliyekariri kwamba "mtoto wa kilo 12 anapewa kijiko kimoja na nusu" akimpa ml 7.5 za chupa hiyo, amempa mg 375, zaidi ya maradufu. Ndiyo maana mkufunzi anakukata alama ukiandika jibu bila kuonyesha ulikolitoa.

Kwa dripu: ujazo kwa ml, zidisha kwa idadi ya matone katika ml 1, gawa kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya seti ya dripu yenyewe. Nyingi za watu wazima ni 20, zipo za 15, na ile ndogo ya watoto ni 60. Mfano: ml 500 ziingie kwa saa 6, seti ya 20. 500 × 20 = 10,000. Saa 6 ni dakika 360. 10,000 ÷ 360 = 27.8, kwa hiyo matone 28 kwa dakika. Kosa la kila mwaka ni kugawa kwa 6 badala ya 360. Unapata matone 1,667 kwa dakika, na mtu anaandika jibu hilo na kufunga karatasi. Jiulize kama macho yako yangeweza kuyahesabu matone hayo. Jibu lisilowezekana wodini si jibu, hata kama kikokotoo ndicho kimelitoa.

Seti ya 60 ina nafuu yake: ml kwa saa ni sawa na matone kwa dakika. Mtoto anayetakiwa kupata ml 40 kwa saa, mpangie matone 40 kwa dakika, basi. Ukishapanga matone, rudi uyahesabu tena baada ya dakika chache. Mgonjwa akikunja kiwiko dripu inapungua, akiunyoosha inakimbia.

Mahali pengine pa kutuliza kichwa ni magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba, na mtihani wa vitendo unaipenda sana. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4, ikiwa na nguvu ya asilimia 20. Lakini ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) huja na asilimia 50, yaani gramu 5 katika ml 10. Gramu 4 ni ml 8. Ukiongeza ml 12 za maji ya sindano unapata ml 20 za asilimia 20, na zinaingizwa polepole, dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kwenye kila tako, na hizi hazichanganywi na maji: ni zile za asilimia 50, ml 10 kila upande, zikiwa na ml 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ya kupunguza maumivu. Jumla ni gramu 14. Kuna ampuli za ml 5 pia, zenye gramu 2.5, na aliyezoea kuhesabu "ampuli mbili" bila kusoma lebo hapo anatoa nusu ya dozi. Kabla ya kila dozi inayofuata unahakikisha mambo matatu: mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo haujapungua chini ya ml 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Pumzi zikisimama, unampumulisha kwa mfuko na barakoa huku akipewa kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani ml 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Iwe kwenye trei tangu mwanzo, si kabatini kwenye chumba kinachofungwa na aliyeondoka na funguo. Wewe kama mwanafunzi, haya yote unayafanya msimamizi akiwa pembeni yako.

Insulini ina bomba lake la sindano. Ile ya kawaida ni yuniti 100 katika ml 1, kwa hiyo yuniti 10 ni ml 0.1 tu. Anayetumia bomba la kawaida la ml 2 anaweza kuvuta ml 1 akidhani ni yuniti 10, kumbe ni 100. Andika neno "yuniti" lote, kwa sababu herufi U iliyoandikwa kwa haraka inasomeka kama sifuri. Vivyo hivyo andika 0.5, usiandike .5. Na andika 5, usiandike 5.0, maana nukta ikififia inakuwa 50.

Kuhusu supu yenyewe: fanya maswali matano kila siku bila kikokotoo, ukiandika kipimo kwenye kila mstari, siyo mwishoni tu. Mpe mwenzako akague kabla hujaangalia jibu. Wodini kazi hiyo inaitwa kuhakikiwa na mtu wa pili, kwa hiyo unajizoesha mapema.

Logibuku yangu (daftari la kazi za vitendo) ina nafasi nyingi tupu na mzunguko wa wodi ya wazazi unakwisha wiki ijayo. Wenzangu wananiambia nijaze tu, sista atasaini. – Mwaka wa tatu, Magomeni

Usijaze. Msimamizi aliye makini anafungua rejista ya wodi na kulinganisha tarehe. Hata asipofanya hivyo, kwenye mtihani wa vituo utaambiwa ufanye kile ulichodai umekifanya mara kadhaa, mtahini akiwa amesimama na karatasi ya alama, na dakika zinahesabiwa.

Kilichokukwamisha pengine ni zamu. Asubuhi mnajaa: wanafunzi wa shahada, wa diploma, wa udaktari, watarajali, wote wanamzunguka mama mmoja. Omba jioni na usiku, na siku za mwisho wa wiki. Watoto hawazaliwi kwa ratiba ya chuo, na usiku mko wachache. Fika kabla ya makabidhiano ya zamu. Kwa anayetoka Mbagala au Kigamboni hiyo inamaanisha kutoka nyumbani gizani, maana aliyekosa makabidhiano hajui mama wa kitanda cha 4 alipimwa njia saa ngapi, na hakuna atakayesimama kumwelezea. Ukiingia, jitambulishe kwa mkuu wa zamu na umwambie hasa unachokosa: "Sista, nimebakiza kuzalisha na kushona msamba." Mkuu wa zamu mwenye wagonjwa thelathini hatakisia mahitaji yako. Na omba saini siku ileile, maana baada ya wiki mbili aliyekusimamia yuko likizo au amehamishiwa wodi ya watoto.

Kwa mama aliye kwenye uchungu, wanafunzi wengi hukosa alama kwenye partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu. Kwenye ile iliyozoeleka, unaanza kuijaza njia ikiwa imefunguka sm 4. Mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya uchungu ni kila nusu saa, na kuchunguza njia ni kila baada ya saa 4 kama hakuna sababu ya kufanya mapema. Mstari wa tahadhari unapanda sm 1 kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020 unaohesabu uchungu uliokolea kuanzia sm 5, kwa hiyo kabla hujaweka alama ya kwanza uliza fomu inayotumika hapo ulipo. Moyo wa mtoto usikilize dakika nzima, na endelea kusikiliza mkazo unapoisha. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Partografu iliyojazwa yote kwa mkupuo baada ya mtoto kuzaliwa inajulikana kwa kuitazama tu: wino mmoja, nukta zimenyooka kama rula.

Saa yako ya mkononi iwe na mshale wa sekunde. Simu mfukoni si mbadala wake, na mikono yenye glovu haifungui simu.

Mimi ni mwanaume. Je, nitalazimishwa kuingia wodi ya wazazi? – Kijana, Kimara

Hutalazimishwa kwa maana ya adhabu, lakini bila ukunga huna shahada. Ukunga umo ndani ya masomo, na leseni unayoifuata ni ya uuguzi na ukunga. Mwombe mama ruhusa kabla ya kumgusa, uwe na mwenzako wa kike wakati wa kumpima njia, funga pazia. Akikataa, shukuru na uondoke bila kununa. Wengi hukubali, na wengine baadaye wanakuita kwa jina.

Nimejichoma na sindano iliyokwisha kutumika. Sikumwambia mtu, ni juzi usiku. – Mwanafunzi asiyetaka kutajwa

Acha kusoma, nenda sasa hivi. Dawa kinga ya VVU inafaa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofaa zaidi, ndani ya saa 2 ikiwezekana. Inamezwa siku 28. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali unayofanyia mazoezi, mwambie mkuu wa zamu, ijazwe taarifa ya ajali, upimwe. Kama mgonjwa anajulikana naye ataombwa kupimwa. Hakuna atakayekufukuza chuo.

Kwa wengine: mtu akichomwa, anaosha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kuminya jeraha wala kusugua kwa dawa kali. Ajali nyingi hutokea wakati wa kurudisha kifuniko kwenye sindano. Usikirudishe, tumbukiza sindano ilivyo kwenye boksi la usalama, na boksi likifika robo tatu lifungwe, maana lililojaa mpaka mdomoni linachoma anayefuata. Chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Ianze kabla ya kuingia wodini. Anayeanza chanjo siku anayopangiwa wodi atamaliza nusu mwaka akiwa na kinga pungufu.

Nimemaliza miaka minne. Nimevaa joho, nimepiga picha. Nikaambiwa bado si muuguzi! – Mhitimu, Sinza

Hongera, na waliokuambia wako sahihi. Chuo kinatoa shahada, lakini leseni inatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kati ya viwili hivyo kuna mwaka 1 wa utarajali kwenye hospitali iliyoidhinishwa, chini ya usimamizi, na kuna mtihani wa Baraza. Kumhudumia mgonjwa kama muuguzi kamili bila leseni ni kosa kisheria, hata kama mwenye zahanati mtaani kwenu anakubembeleza.

Kinachochelewesha watu wengi kwenye usajili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili, cha chuo kina herufi imezidi. Linganisha vyeti vyote leo, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya mwanasheria, na jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina. Fanya hivyo sasa, usisubiri wiki ya mwisho ya maombi. Na leseni ikishatoka, haidumu milele. Inahuishwa, na kuihuisha kunadai pointi za mafunzo endelevu, kwa hiyo tunza cheti cha kila semina ya kazini, hata ile ya nusu siku.

Nina diploma, nafanya kazi hospitali ya wilaya hapa mjini. Shahada inawezekana bila kuacha kazi? – Afisa Muuguzi Msaidizi, Temeke

Inawezekana. Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha shahada kwa wauguzi waliokwisha kusajiliwa na wanaoendelea na kazi. Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye diploma ni GPA (wastani wa alama) 3.0, na vyuo vya afya vinaangalia pia masomo yako ya sayansi ya kidato cha nne. Kama umeajiriwa serikalini, hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla ya kulipa chochote. Aliyeondoka bila ruhusa ya maandishi hurudi na shahada na kukuta mshahara umesimama.

Kuna wakala anataka milioni kadhaa anipeleke Uingereza kuwa nesi. – Msomaji, Kinondoni

Usimpe. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza mawakala hawaruhusiwi kuja kuajiri kutoka nchi hizo. Muuguzi mmojammoja anaweza kuomba mwenyewe. Baraza la huko, NMC, linataka uthibitisho wa usajili unaotumwa na Baraza letu moja kwa moja, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo ukishafika huko. Ukitumia mtihani wa IELTS kwa Kiingereza, unahitaji 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Marekani mtihani unaitwa NCLEX-RN, maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, na kompyuta inaongeza ugumu kadiri unavyopatia. Kwa njia zote mbili wataanza kwa kuuliza kama umesajiliwa kwenu, kwa hiyo mwenye haraka ya kusafiri aanze na utarajali.